Mguu wa Breki

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mwalimu wa udereva. Wanafunzi walimwita Bwana Breki. Gari lake lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi, moja yake, na mguu wake wa kulia haukubanduka pale hata akicheka. Na kucheka, alicheka! "Wewe, unaendesha gari au unafukuza nzi?"

Siku moja alikuwa akifyeka nyasi nyuma ya karakana, mwiba ukamchoma unyayo wa mguu huohuo wa kulia. Akauchomoa, akasahau. Baadaye kikatokea kivimbe. Hakikuuma. Narudia, wapendwa: hakikuuma. Kikaanza kutoa usaha wenye chembe nyeusi. Daktari akasema ni fangasi, tena wameshaingia mifupani. Kwenye picha, mifupa ya mguu ilikuwa na matundu kama mahindi yaliyobunguliwa. Dawa peke yake haitoshi, mguu ukatwe chini ya goti.

"Mguu hauumi, mnaukatia nini?" akang'aka. Mkewe alimbembeleza mpaka koo likamkauka. Wapi! Bila mguu huo, alisema, mimi si mwalimu tena, ni abiria tu.

Miezi ikapita. Akawa anamfundisha bintiye. Lori likawakatia njia. Baba akakanyaga breki yake, mguu ukakosa nguvu. Binti ndiye aliyesimamisha gari, pua ya gari karibu iguse lori. Akashuka, akamgeukia baba yake.

"Baba, ungetuua! Huo mguu umeshakufa, na wewe unautetea!"

Mzee akautazama mguu wake. Kisha akasema, "Kesho nipelekeni hospitali."

Wakaukata juu ya goti, maana fangasi walishapanda. Akarudi nyumbani, akacheza karata, akaiba karata, akamtania mkewe. Mwaka mzima. Kisha fangasi wakarudi kwenye mfupa uliobaki, kidonda kikaoza, sumu ikaingia kwenye damu. Wiki iliyopita akatutoka.

Msibani, binti alilia akisema, "Nilimfokea baba yangu kama mtoto." Mama yake akamshika mkono. "Mimi nilimwambia kwa upole, akanipuuza. Ukali wako ndio ulionipa mwaka ule. Usiujutie, mwanangu."

Poleni sana, mama na binti. Mola ampumzishe mwalimu wetu. Nasi tuliobaki, tuvue viatu leo, tutazame nyayo zetu. Na kama nyumbani kuna mtu unashindwa kumwambia ukweli kwa sababu unampenda, mwambie. Acha anune.