Tarehe Sahihi ya Cheti cha Fundi Dismasi

Baba Paroko, viongozi wetu wa mtaa, wana jumuiya, wanamichezo, na ninyi ndugu mliotoka Kidahwe na Ujiji kuja kutushika mkono, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Mimi ni Anatoli Ntahondi, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, na naomba mnivumilie, kwa maana ndani yake limo kosa langu mwenyewe, nalo nitalisoma likifika mahali pake.

Ndugu yetu mpendwa Dismasi Ntahondi alizaliwa tarehe 25 Machi 1962 katika kijiji cha Kidahwe, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu mzee Pastory na marehemu mama Agnesi, akapewa jina la mtakatifu wa siku hiyo, yule mwizi mwema aliyesulubiwa pamoja na Bwana, jambo ambalo sisi wadogo zake tulimtania nalo mpaka uzeeni kila kilipopotea kitu nyumbani, naye alikuwa anacheka na kutuonyesha mifuko yake mitupu.

Alianza darasa la kwanza kijijini hapo hapo mwaka 1970, akamaliza la saba mwaka 1976, na kwa kuwa hakuchaguliwa kwenda sekondari, Januari 1977 aliteremka ziwani hapa Bangwe kwa mjomba wetu Oswald, aliyekuwa fundi wa kushona nyavu za dagaa, akajifunza kwake fundo la wavu, lile ambalo wavuvi wote mnalijua, ambalo likishakaza halifunguki mpaka likatwe kwa kisu.

Kazi iliyompa jina aliianza bila kuitafuta, kwani tarehe 6 Agosti 1984 klabu ya tenisi pale mjini ilimwita aje kuziba wavu wa kiwanja uliokuwa umetoboka, akauziba kwa asubuhi moja, na alipokuwa anafunga virago bwana mmoja wa reli akamwonyesha raketi iliyokatika nyuzi, akamuuliza kama na hii anaiweza. Dismasi, ambaye hakuwa amewahi kushika raketi maishani mwake, alijibu kwamba anaiweza, akaenda nayo nyumbani, akakaa nayo siku tatu akiifumua na kuifuma upya, akairudisha imekaza vizuri hata yule bwana akamletea nyingine mbili. Tangu hapo akawa fundi wa raketi, kwanza kwa mikono na msumari, baadaye kwa mashine ya kukazia nyuzi aliyoachiwa na daktari mmoja aliyehamishwa, na mkazo alikuwa anaupima kwa sikio, anagonga nyuzi kwa kidole, anasikiliza, anatikisa kichwa, anafumua yote anaanza upya, na mwenye raketi asubiri.

Tarehe 15 Oktoba 1988 alifunga ndoa takatifu na shemeji yangu Brigita, wakajaliwa watoto watatu, Winfrida, Edson na Clinton, na wajukuu watano. Katika miaka hiyo yote alikuwa na hamu moja tu iliyomkaa rohoni, nayo ni kupata cheti, kwa sababu wageni walikuwa wanafika kiwanjani na raketi zao za gharama, wanamuuliza amesomea wapi, akisema amesomea kwenye nyavu za dagaa wanazirudisha raketi kwenye mikoba yao, na jambo hilo lilimuuma, ingawa hakulisema ila kwa mkewe.

Basi mwaka 2017 tukasikia kwamba mtahini wa mafundi wa raketi anakuja Dar es Salaam kutoka nje, Dismasi akajiandikisha, akapanda treni, na Jumamosi tarehe 9 Septemba alifanya mtihani pamoja na wenzake kumi. Jioni yake nikapata ujumbe kwenye simu ukisema, mtihani nimemaliza, nakuja na treni. Ndugu zangu, mimi neno nimemaliza nililisoma nimefaulu, sikupiga simu kuuliza, nikatoka mbio kuwaambia watu, nikaalika jumuiya nzima, nikachinja mbuzi, na Jumatano tarehe 13 tulikuwa stesheni zaidi ya watu sitini, wengi wenu mlikuwepo, na alipoonekana mlangoni mwa behewa kina mama walimpokea kwa vigelegele, mimi nikapaza sauti nikamwita fundi mwenye cheti. Nakumbuka alisimama pale juu na begi lake mkononi, akaniangalia mimi, akawaangalia ninyi, kisha akashuka akacheza.

Sisi tulidhani ni furaha imemzidi. Juzi Jumatano asubuhi, tulipokaa kuandika historia hii, nilimwomba shemeji anipe kile cheti ninakili tarehe, maana historia ya namna hii haisomwi bila tarehe, akakitoa chini ya sanduku kikiwa kimeviringishwa kwenye nailoni, nikakisoma, nikakirudia, kilikuwa kimeandikwa tarehe 14 Septemba 2019. Nikamwambia wamekosea. Shemeji akasema hawajakosea, akaniomba niketi.

Ndipo akanieleza kwamba mwaka 2017 kaka yangu alimaliza kufunga nyuzi kabla ya wenzake wote, mkazo ulikuwa sawasawa, ila kwenye kumalizia vidole vyake vilivyozoea nyavu miaka arobaini vilifunga fundo la wavu bila yeye kufikiri, mtahini akalivuta, akalivuta tena, halikusogea, akacheka, akamwambia ni fundo zuri kuliko yote aliyoyaona siku hiyo lakini kitabuni halimo, akamwangusha. Yote hayo alimwambia mkewe jikoni wakati sisi tuko nje tunakula pilau, shemeji akamtaka atoke akawaambie watu ukweli, naye akajibu kwamba nikitoka kusema, Anatoli ataificha wapi sura yake, mwache, nitakifuata hicho cheti.

Miaka miwili alijifunza mafundo ya kitabuni, akiyafunga kwenye miguu ya vigoda mpaka nyumbani hakukuwa na kigoda kisicho na nyuzi, na kila nilipomwita fundi mwenye cheti mbele ya watu alikuwa ananikatiza, anasema fundi inatosha, nami nikawa namsifu kwa unyenyekevu. Septemba 2019 alituaga anakwenda Dar es Salaam kununua nyuzi, safari hiyo akafaulu, na siku aliyorudi na cheti chake halisi hakuna mtu hata mmoja aliyempokea stesheni, alipanda bodaboda peke yake akaja nyumbani, shemeji akamkaangia migebuka wakala wawili. Nilipomuuliza kwa nini hatundiki cheti ukutani alisema upepo wa ziwa utakiharibu. Lakini siku moja mwezi huo nilimwita tena fundi mwenye cheti, kwa mazoea tu, naye akaitika, naam, akacheka peke yake, na mimi sikujua anacheka nini.

Tarehe 18 Februari 2024 alipata kiharusi kilichouchukua mkono wake wa kulia, kazi akaishika Winfrida, binti aliyemfundisha mwenyewe, naye kaka alikuwa anakaa karibu yake akisikiliza nyuzi na kumwambia kaza, au legeza. Hali ilibadilika mwezi uliopita, akalazwa, na Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa moja asubuhi, mke na watoto wakiwa kando yake, Mungu alimwita akiwa na umri wa miaka 63.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kama baba yao, majirani wa Bangwe ambao tangu Jumanne hawajaturuhusu kuwasha moto wenyewe, wana jumuiya, na wanachama wa klabu waliofunga kiwanja siku tatu. Shemeji Brigita, nakushukuru kwa kunifichia aibu miaka minane, na kwa kusema juzi kwamba leo isomwe tarehe ya kweli.

Basi naisoma. Dismasi Ntahondi alipata cheti cha ufundi wa raketi tarehe 14 Septemba 2019, si 2017 kama nilivyotangaza mimi. Mama zangu, vile vigelegele vya stesheni mlivipiga kabla ya wakati kwa sababu yangu, na siku yake yenyewe ilipofika alishuka kwenye treni kimya kimya, kwa hiyo najua tuko msibani, lakini naomba kabla hatujamwinua mumpigie tena, mara moja tu, kwa tarehe iliyo sahihi.

Pumzika kwa amani, kaka yangu, fundi mwenye cheti.