Gambiti ya Sindano

Benchi la kona lilikuwa limebanana na mlango wa Sindano, fundi cherehani, hata mteja aliyetaka kupimwa ilibidi kwanza aombe watu wasogeze miguu. Asubuhi hiyo cherehani ilikuwa kimya. Sindano alikuwa ameuza gauni alilomshonea mkewe, mke akahamia kwa kaka yake mtaa wa pili, na sasa fundi wa watu alikuwa kashika kikombe cha kahawa, moyo unamuuma, akingoja wenzake wamfundishe pa kuanzia.

— Unahitaji gambiti, alisema Kamusi, karani mstaafu asiyekubali kushindwa na neno. Ni ya sataranji. Mchezo ukianza tu unamwachia mwenzio kete moja aile, kumbe wewe unashika uwanja.

— Sasa mimi nimwachie nini?

— Kosa dogo. Kiri kwamba unakoroma. Akihangaika na hilo, la gauni linapita.

Kocha, aliyeshusha daraja timu mbili za mtaa, alicheka.

— Gambiti alikuwa kipa, bwana. Anafungwa bao la kwanza makusudi, wapinzani wanavimba kichwa.

— Timu yake ikashinda? aliuliza Sindano.

— Walipigwa tisa. Ila waliwatia wasiwasi.

— Acha uongo, alisema Kamusi. Neno limetoka kwa Waitaliano, kwenye mieleka. Kumtega mtu mguu.

— Nikamtege mke wangu mguu? aliuliza Sindano.

— Kabla ya mieleka, Kocha aliendelea, kulikuwa na mpishi wa mfalme. Anaunguza uji makusudi, ili mchuzi usifiwe.

— Mfalme huyo namjua, alisema Kamusi. Vita ikianza anampa adui kiti cha enzi, akae mpaka achoke.

Hapo mke wa Sindano akasimama mbele yao na mfuko wake. Benchi zima likasogeza miguu.

— Karibu, shemeji, alisema Kocha kwa sauti ndogo.

— Nimewasikia tangu dukani. Nina swali moja. Kwa kaka yangu ni mtaa wa pili, na mlango uko wazi. Kwa nini hakuja?

Kamusi alichungulia kikombe chake. Kocha akainama kufunga kamba za viatu, naye alikuwa amevaa ndala.

— Mimi huwa nakoroma, alianza Sindano.

Kamusi akaitikia kwa kichwa kumpa moyo.

— Na gauni lako niliuza, mke wangu. Nikaona aibu kuja. Nisamehe.

— Ametoa kete zote, alinong'ona Kamusi. Kwisha habari yake.

Mke akatoa kitambaa kwenye mfuko, akakiweka juu ya cherehani.

— Nipime, alisema. Na huko kukoroma nakujua. Kwa kaka kuko kimya mno, sijapata usingizi tangu niende.