Mkanda wa Swaibu

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kelele za sufuria, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Swaibu, dereva wa gari la wafanyakazi kule Dubai. Tunamkumbuka kwa ajili ya mkanda wa gari. Yote haya tumesimuliwa na mkewe, Shakira, ambaye alituonya mapema: "Wivu ninao, na sijauacha."

Swaibu na Shakira walikuwa Waganda wa Masaka. Walipanga chumba mtaa wa Al Baraha. Kila asubuhi Swaibu aliwapakia wanawake kumi na watatu, wasafishaji wa ofisi, akawapeleka Freezone, eneo la makampuni karibu na uwanja wa ndege. Shakira alikuwa mmoja wao. Wanawake kumi na watatu, wasikilizaji, na dereva ni mumeo! Hebu kalieni kiti hicho.

Swaibu alikuwa na jambo lake. Gari haliondoki mpaka kila mtu afunge mkanda, hata wa nyuma. Huo ulikuwa mwaka 2015, na sheria ya kuwafunga abiria wote ilikuja 2017. Yeye hakungoja sheria. Mdogo wake, Hafiz, alifia ajalini akiwa kiti cha nyuma, bila mkanda. Basi asiyefunga, Swaibu alishuka, akazunguka gari, akainama, akamfunga mwenyewe.

Kuinama huko ndiko kulikomchoma Shakira. Hasa kwa Carolyne, Mkenya mcheshi aliyekaa mbele karibu na dereva. Carolyne alikuwa akiucheka mkanda kila siku. "Wacha bana, Swaibu, hii kitu inanikunjia nguo!" Swaibu naye anacheka, anainama. Nyuma, Shakira roho inamtoka.

Siku moja alipokuwa akipangusa vumbi garini, aliona daftari dogo limefichwa kwenye kikinga jua, juu ya usukani. Mwandiko wa mumewe. Akasoma majina ya wanawake wa garini: "Jecinta, amekubali. Teopista, anakataa, nijaribu kesho. Carolyne, mpaka nimbembeleze."

Asubuhi iliyofuata, wote wakiwa wamekaa, alisimama katikati ya gari na daftari mkononi.

"Taata Lukman," akamwita kwa jina la mtoto wao, "Jecinta amekubali nini?"

Jecinta akashika mdomo.

"Mkanda, nnyabo, bibi yangu," Swaibu akajibu. "Amekubali kufunga mkanda."

"Na huyu unayembembeleza?"

"Mkanda pia."

Gari zima lilipasuka kwa kicheko. Teopista alicheka mpaka akafunga mkanda wake bila kuombwa. Shakira peke yake hakucheka. Aibu ilimshika, lakini wivu haukumwachia. Akamwekea mumewe sharti mbele ya wote. "Wafunge hao wote. Lakini wa kwako nitaufunga mimi, nitaufungua mimi. Mwanamke mwingine akiugusa, khalas, tumeachana."

Swaibu akainua mikono juu, akajisalimisha. Tangu siku ile, kila asubuhi Shakira alimfunga mumewe mkanda. Jioni wakifika Al Baraha, alimfungua. Karibu miaka mitatu, wasikilizaji. Asubuhi anafunga, jioni anafungua.

Mwezi Machi 2018, jioni, wakirudi kutoka kazini, moyo wa Swaibu ulisimama akiwa anaendesha. Kabla ya kuzimia aliwahi kuwasha taa za dharura na kulivuta gari pembeni. Likagonga vyuma vya kando ya barabara, likatulia. Wanawake kumi na watatu walikuwa wamefunga mikanda, na wote kumi na watatu walikuwa wazima.

Swaibu alikuwa ameinamia usukani. Carolyne akanyoosha mkono amfungue.

"Usiuguse!" Shakira alipiga kelele kutoka nyuma. Akapanda juu ya viti, akafika, akabonyeza kitufe cha mkanda mwenyewe. "Nilisikia ule mlio wa kila jioni," alituambia. "Nikamwambia, tumefika. Hakuinuka."

Shakira alikaa eda Masaka, kisha akarudi kazini. Gari lile lile, dereva mpya aitwaye Kasian. Alikaa kiti chake cha nyuma, mikono mapajani, mkanda ukining'inia. Kasian akawasha gari.

"Ngoja kwanza!" Carolyne akasema. Akashuka, akazunguka gari, akafungua mlango wa nyuma, akainama.

"Mkono ule ule niliouchukia," Shakira alituambia. "Nikauacha unifunge."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Shakira, tunampa pole mwanawe Lukman, na wote waliopanda gari lile. Mungu amrehemu Swaibu. Nawe unayetusikiliza ukiwa garini, kabla ya kuondoka, mtazame aliye karibu nawe. Kama hajafunga, mbembeleze. Na kama mwenzi wako anakutazama vibaya, mwambie ni mkanda tu.