Siku Papa Ngoie Alipong'oa Mlango Wangu

Ndugu zangu katika Kristo, ninawasalimu kwa jina la Yule anayelinda vizingiti vya nyumba zetu. Asifiwe sana!

Mimi ni Mama Ilunga. Leo mnaniona hapa Kambove, katika nyumba ya kampuni, na mume wangu anarudi kila jioni. Lakini niwaambie ukweli: moyo wangu umebaki Lubumbashi, kule Katuba, kwenye parcelle, kiwanja chenye ua mmoja, tulikokaa familia nne za wapangaji. Ua ule! Sirene ya kiwanda ilituamsha sote pamoja. Mmoja akiwasha jiko lake la mbabula, wote tulichota makaa kwake. Pombe yetu tamu ya munkoyo ikiiva kwa jirani, kikombe changu kilifika kabla sijaomba. Mama Zaituni, fundi wa kushona, Mwislamu wa watu wa Maniema, alimbeba mwanangu Ilunga kuliko nilivyombeba mimi. Nikikumbuka, machozi yananitoka.

Namkumbuka pia Papa Ngoie, mwenye parcelle, na hasira haijaniisha.

Wakati ule mume wangu alikuwa amehamishiwa huku Kambove, nyumba hajapewa bado, anakuja kutuona mwisho wa mwezi tu. Papa Ngoie akaona nimebaki mwanamke peke yangu. Akapata mchuuzi wa Mokambo, kule mpakani, aliyetaka chumba changu aweke mizigo yake. Ndugu zangu, hakuwa ananidai kitu! Alinikuta nafua nguo, akasema, "Mama, Jumamosi utoke." Nikamuuliza nitoke niende wapi na mtoto, na mvua zimeanza? "Parcelle ni yangu," akajibu. Basi, akaenda zake.

Nilisoma sekondari mimi. Nilijua sheria ipo, ila inakaa wapi sikujua. Sheria ilikuwa mbali, mjini, kwa wakubwa wanaovaa suti za abakosti. Nyundo ya Papa Ngoie ilikuwa karibu.

Jumamosi ikafika. Mtaa mzima ulikuwa kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, watu wanafyeka majani barabarani. Papa Ngoie akaja na nyundo na mpwa wake, wakang'oa mlango. Mlango mzima, ndugu zangu, na bawaba zake! Kitanda nje. Kabati nje. Sufuria nje. Nikakaa chini katikati ya vyombo vyangu, Ilunga mgongoni, nikapiga kelele: "Bwana, unaona? Unaona, ao umelala?" Sikuwa na sala nyingine.

Sasa sikieni kazi ya Mungu! Mnajua desturi yetu. Nyumba ikifiwa, vyombo vinatolewa nje, mlango unaachwa wazi, watu wanakuja kukaa chini. Basi watu wa salongo wakaanza kurudi, majembe begani, wakanikuta vile. Hakuna aliyeuliza. Wanaume wakavua kofia. Wanawake wakajifunga vitambaa, wakakaa kunizunguka, wakaanza kulia. Huyu akaleta kuni, yule akaleta unga. Wanakwaya wetu wakaanza wimbo wa msiba. Mimi najaribu kusema, nani atanisikia? Mama Zaituni akaja mbio kutoka sokoni, akatandaza mkeka wake kando yangu. Yeye peke yake niliweza kumweleza sikioni.

Papa Ngoie akatokea, macho yamemtoka. "Hakuna mufu hapa! Mwende kwenu!"

Mama Zaituni akamtazama polepole, toka viatu mpaka kichwa. "Papa Ngoie, vitu viko inje, mulango hauko, kilio kimeanza. Kama mufu hayuko bado, tutamungojea. Itakuwa nani basi, weye ao mupwa wako?"

Ee! Mtu mmoja nyuma akacheka, na mwingine. Uso wa Papa Ngoie ukawa kama majivu. Nani anataka kuita kilio kwenye parcelle yake mwenyewe?

Chef wa mtaa naye akafika, maana kilio hakikai bila yeye kujulishwa. "Citoyen, ni nani alikufa?" akamuuliza Papa Ngoie. Akauona mlango umeegemezwa ukutani. Akanitazama mimi, akamtazama mwenye parcelle.

"Ulimupa huyu mama préavis? Ulimuandikia mapema, na miezi ya kutafuta nyumba pengine?"

"Nilimuambia kwa kinywa, chef. Parcelle ni yangu."

"Parcelle ni yako, sawa. Lakini locataire anayekulipa anatoka kwa neno la juge wa mahakama, hatoki kwa nyundo. Rudisha mulango. Niko natazama."

Aliurudisha mwenyewe, misumari mdomoni, na kwaya wakabadilisha wimbo. Aleluya! Unga wa kilio ukapikwa bukari, ugali wetu, tukala wote, hata mpwa wake alikula. Nilikaa chumbani mwangu mpaka siku kampuni ilipotupa nyumba hii. Nikatoka kwa miguu yangu, chumba nimefagia.

Wengine wataniambia ilikuwa bahati. Hapana! Bwana alitumia hata kosa la watu wenye huruma. Namshukuru, na mama zangu wa ua ule nawashukuru, popote walipo.

Nawe dada unayetishwa na mwenye nyumba, mtegemee Yesu, na usitoke. Uliza neno la juge liko wapi. Na ukimwita Bwana, usimwite kwa siri chumbani. Mwite kwa sauti, majirani wasikie.