Lammert Wieringa na Mlango Mkubwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchomelea sehemu za ndege katika karakana yetu hapa Coevorden, ndugu yetu Lammert Wieringa anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Februari. Ningependa kuandika kwa moyo mwepesi zaidi, lakini huo sina.

Kwa jamaa zake watakaokuja kumsindikiza: kazi yake ilikuwa kuunga vipande vya plastiki yenye nyuzi za kaboni, bila gundi wala msumari. Umeme huzipasha nyuzi moto, plastiki ikayeyuka, vipande vikabanwa hadi vipoe. Taabu ni joto lenyewe. Hukimbilia kingoni na kuacha katikati baridi. Likipungua, vipande havishikani. Likizidi, plastiki huchemka ndani huku juu inang'aa kama kawaida.

Lammert alipanga vipande vya shaba kando ya kingo ili vinyonye joto la ziada. Kisha alilinda mlango mkubwa wa uani, maana hata upepo kidogo huharibu kazi. Mkurugenzi mmoja aliwahi kusimama pale mlangoni na wageni wake. "Ama ndani ama nje, bwana!" Lammert akamfokea. "Hapa hatukaushi samaki!" Mkurugenzi akatoka nje, akaombea radhi dirishani.

Januari tulikuwa na kipande cha mwisho cha majaribio, cha mkia wa ndege. Kikifaulu, kazi ingebaki kwetu. Kikishindwa, ingehamia nchi nyingine. Siku hiyo ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Lammert, na kwa desturi yetu mwenye siku yake ndiye huleta keki kwa kahawa ya saa nne. Kazi ilipangwa kuanza baada ya kahawa. Mhandisi wetu Jorrit, kwa mapenzi tu, akasema, "Tuanze sasa hivi. Mzee akija na keki akute mambo yameiva." Sote tukakubali. Mimi nilikuwa nasali kimoyomoyo.

Lammert alikuja na keki za tufaha mikono yote miwili, akausukuma mlango kwa mgongo, asiione taa nyekundu ya kuonya kwamba mashine inafanya kazi. Baridi ikaingia naye. Kifaa cha kupima joto kiliona juu pamepoa, mashine ikaongeza moto, na ndani plastiki ikachemka.

"Nani huyo kafungua mlango?" Jorrit alipiga kelele kabla hajageuka.

Kipande kikashindwa, na mteja aliyekiagiza hakutupa nafasi ya pili. Mashine zinaondoka mwezi wa nne, nasi tutatawanyika. Nimepiga magoti kila Jumapili na bado sijaona njia. Haya nimeyaandika kwa sababu yeye mwenyewe alitaka. "Andika yote, dada," aliniambia. "Usinipake asali."

Amesema pia kwamba Ijumaa atakuja mikono mitupu, kwamba keki haleti tena maishani mwake.

Lammert, asante kwa kila kiungo kilichoshika, na kwa watu walioruka salama wasijue jina lako. Mungu akupe uzee wenye utulivu, wewe na mkeo Hilligje. Lakini keki ulete, tafadhali. Pitia mlango mkubwa, wala usihangaike kuufunga. Humu ndani hakuna tena kitu cha kuharibiwa na baridi.