Daktari wa Moyo na Mito ya Spana

Kijiwe chetu kiko mkabala na lango la hospitali, ubavuni mwa gereji ya Spana. Kahawa anauza mkewe, shemeji yetu sote. Asubuhi hiyo Spana alikuwa na barua mfukoni: daktari bingwa wa moyo anawapima bure watu wa mtaa huu kwa ajili ya utafiti wake, na mwisho ni leo saa sita. Spana, ambaye siku hizi akiinua jeki anatweta, alikuwa ameapa haendi. Kusema kweli, nilihofia afya yake.

SPANA: Injini yangu ina miaka hamsini na nane, haijafunguliwa hata mara moja. Ya nini kuichokoza?

KARANI MSTAAFU: Nani kasema wanafungua? Wanakupaka kitu cha baridi kifuani, wanautazama moyo kwenye skrini. Yule mama kausomea miaka kumi na tano!

SPANA: Kitu cha ukubwa wa ngumi, miaka kumi na tano? Mimi gia boksi nzima nilijua kwa wiki mbili.

KINYOZI: Anatafuta kwa nini mioyo ya mtaa huu inatanuka. Angeniuliza mimi. Ni ving'ora vya magari ya wagonjwa! Moyo unashtuka, unavimba.

KARANI: Acha hizo. Ni mapenzi. Aliyependa mara mbili, moyo wake huongezeka chumba.

KINYOZI: Ushahidi?

KARANI: Mke wangu wa kwanza.

SPANA: Hamjui kitu. Ni viatu! Kiatu kikibana, damu inarudi juu. Ndiyo maana mimi nimetoa kamba.

Tukamtazama miguu. Ilikuwa imefura hadi juu ya vifundo. Wenzangu walicheka.

Hapo mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama nyuma yetu, koti jeupe mkononi, akaomba kahawa.

SHEMEJI: Karibu, daktari.

Kijiwe kizima kikajikohoza.

KINYOZI: Daktari, tuamulie basi. Ving'ora, mapenzi au viatu?

DAKTARI: Bado natafuta. Ila kuna swali moja ambalo namwuliza kila mgonjwa mwaka wa kumi na moja huu, na jibu naliandika. Fundi, unalalia mito mingapi?

KINYOZI: Kusoma kote huko, anauliza mito!

KARANI: Mimi mmoja, tena umelala kuliko mimi.

Spana hakucheka. Alikizungusha kikombe mara mbili, tatu.

SHEMEJI: Mwambie, baba.

SPANA: Mwaka jana mmoja. Sasa minne. Nikilala chini, pumzi inakata.

Akamtazama mkewe.

SPANA: Na wa nne ni wa mke wangu.

DAKTARI: Moyo ukichoka, mtu huongeza mito ili apumue. Wengi hunifikia wakiwa na mitano, wamebebwa. Wewe utakuja kwa miguu yako. Nimekuwahi.

Shemeji akafunika birika.

— Kahawa imeisha, alisema.

Birika lilikuwa limejaa. Akamshika mumewe mkono, wakavuka barabara, na hakuna aliyembishia.