Spika Mbili za Mlangoni

Ndani ya Noah ya abiria iendayo Bweni, Bi Mwatima, aliyekaa mbele, alimkatiza dereva aliyekuwa akibadilisha kaswida. "Irudishe, mwanangu. Huyo anayeitikia ni marehemu mume wangu."

Sisi wa nyuma tukainama mbele kusikiliza. "Naipiga kila siku, bibi," dereva Abdulswamadu akasema huku akiirudisha, "ila spika za zamani zilikuwa zinakwaruza tu. Jana nimefunga hizi mbili za mtumba hapa mlangoni. Redio ni ileile iliyokuja na gari."

"Mungu akuzidishie. Miaka sita sijaisikia sauti yake."

Marijani, abiria mwenzangu, akamshauri dereva aongeze besi. "Itamfunika mume wangu!" Bi Mwatima akang'aka. Walibishana mpaka gari likasimama Bweni. Kaswida ilikuwa haijaisha, na hakushuka mtu, hata mimi niliyekuwa na haraka.